IST ya 2004: sevisi kila kilomita 3,000 kwa fundi wa mtaani, au 5,000 gereji kubwa?

MbeziMwisho
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua Toyota IST ya 2004 mkononi kwa mtu, injini 1NZ. Kila siku naenda nayo Posta na kurudi Mbezi. Fundi wa hapa mtaani ananiambia nimwage oili kila kilomita 3,000, ufundi wake 15,000, oili nanunua mwenyewe. Gereji moja kubwa wanasema 5,000, ila bili yao ni zaidi ya mara tatu. Shemeji yangu anamwaga kila 10,000 na gari lake linadunda. Hili ndilo linalopeleka wanangu shule, sitaki kubahatisha. Nimfuate nani?

Nyundo_Tabata
Mkuu, kabla ya yote, unaweka oili gani? Hao watatu wanaweza kuwa sahihi wote. Ile 3,000 ni hesabu tuliyorithi enzi za oili nzito, SAE 40. Oili ya kawaida ya leo inafika 5,000. Shemeji huenda anaweka sinthetiki ya 5W-30 na anatembea safari ndefu, hapo 10,000 inaeleweka.

1NZ inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inakutosha. Fundi akikutuma lita 5, muulize ya ziada inakwenda wapi. Usikubali ajaze kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili, oili ikizidi nayo inaumiza injini.

BintiPangani
Kaka, namheshimu fundi Nyundo ila naongeza jambo. Kilomita peke yake zinadanganya. Nimeendesha Dar miaka sita, sasa niko Tanga na gari lilelile. Kwenye foleni, ukipiga wastani wa kilomita 15 kwa saa, kilomita 5,000 ni saa zaidi ya 330 injini inaunguruma. Barabara kuu kwa wastani wa 80, kilomita hizohizo ni saa 62 tu. Mita inasoma sawa, oili imechoka tofauti kabisa! Kwa Mbezi–Posta, mimi nisingevuka 5,000 hata kwa sinthetiki, na nisingevuka miezi sita hata kama kilomita hazijafika.

Filta ya hewa usisubiri ratiba. Kama unapita vumbi, ifungue kila mwezi uitazame.

Ngara_Boy
Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnaongea oili ya injini, mimi niliumizwa na giaboksi. Nilikuwa na Nissan Note, giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua. Makanika wa mtaa, kijana mzuri na mwenye bidii, akaweka ATF, mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Baada ya wiki chache gari likaanza kuteleza, mwishowe nikanunua giaboksi nzima. Hakunidanganya, hakujua tu. Tangu siku hiyo oili ya injini na breki pedi nafanyiwa mtaani nikiwa nimesimama hapo, lakini giaboksi, kusoma kompyuta na alaimenti napeleka kwa wenye vifaa, na nalipa bila kunung'unika.

Nyundo_Tabata
Ngara_Boy umesema kweli, na inaniuma kama fundi. IST ya 2004 ina giaboksi ya kawaida ya gia nne, si CVT. Toleo la pili, la 2007 kwenda mbele, ndilo lililoletewa CVT. Ndiyo maana fundi aliyezoea IST za zamani anaweza kukuharibia mpya. Soma kijiti cha giaboksi kabla ya kununua chochote.

Na oili nunua duka linalojulikana, ukimaliza toboa galoni. Kuna watu wanakusanya galoni tupu zenye vifuniko vizuri, na unajua zinakokwenda.

MbeziMwisho
Nawashukuru sana. Nimetoka kuingia nyumbani sasa hivi, nimekichomoa kijiti kwa tochi. Kimeandikwa T-IV, aina ya ATF. Ila mafuta yake ni meusi na yana harufu ya kuungua. Gia bado zinaingia vizuri. Nimwage yote?

BintiPangani
Subiri fundi Nyundo ajibu, usikimbilie mashine ya kusafishia.

Nyundo_Tabata
Dada yuko sahihi. Giaboksi iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa usiisafishe kwa presha, uchafu uliotulia unaweza kwenda kuziba njia za mafuta. Fungua nati ya chini tu, pima kilichotoka, rudisha kiasi kilekile cha T-IV. Tembea wiki mbili, rudia, kisha rudia tena. Kila mara angalia kama kwenye mafuta yaliyotoka kuna chembe za chuma. Zikiwa nyingi, usiendelee, nenda kwa mtu wa giaboksi.

Oili ya injini anza nayo Jumamosi, kwa huyohuyo fundi wako. Fika injini ikiwa na joto, oili itashuka vizuri. Andika kilomita kwenye karatasi na uibandike mlangoni.