Nawezaje kuweka programu mpya kwenye PIC shambani bila kubeba laptopu?

fundi_mizabibu
Mbukwenyi wakuu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu na PIC, zile chipu ndogo za kuwekea programu. Naishi Dodoma mjini ila kazi zangu nyingi ziko Hombolo, kuna wakulima 9 wa zabibu niliwatengenezea bodi za kufungua na kufunga maji ya matone, ndani kuna PIC16F877A, rilei mbili na 7805 ya kushusha 12V ya betri ya sola. Sasa programu yangu ina kosa, betri ikichoka usiku bodi inazima, ikiwaka tena saa inaanza upya, maji yanafunguka saa saba mchana jua likiwa utosini badala ya alfajiri. Inaniuma kwa sababu hayo maji wanayapata kwa shida. Nimesharekebisha, tatizo ni kuzunguka mashamba 9 kwa bodaboda na laptopu ambayo betri yake haimalizi nusu saa, na vumbi letu la kiangazi mnalijua. Nasikia PICkit 3, kile kifaa cha kuingizia programu kwenye chipu, inaweza kufanya kazi yenyewe bila kompyuta, ni kweli? Niliichomeka kwenye pawabenki ikawaka taa, nikabonyeza kile kitufe, kimya.

waya_mwekundu
Pole fundi. Chipu ziko kwenye soketi au umezichomea? Kama ni soketi si unaandaa chipu 9 nyumbani ukifika unabadilisha tu.

fundi_mizabibu
Nimezichomea kwenye bodi mkuu, soketi za mwanzo zililegea. Ila zile pini 6 za kuchomeka PICkit nimeziacha kwenye kila bodi.

mkaka_wa_manyoni
Ni kweli kabisa na mimi ndivyo ninavyofanya. Kitu chenyewe kinaitwa Programmer-To-Go. Kimya ulichokipata ni kwa sababu PICkit haikuwa na kitu ndani, lazima kwanza uibebeshe programu ukiwa nyumbani. Fungua MPLAB X, ile programu ya kompyuta ya kuandikia PIC (mimi nabaki na v5.35, PICkit 3 inaelewana nayo vizuri), ingia kwenye mipangilio ya projekti upande wa PICkit 3 uchague nakala ihifadhiwe kwenye kifaa, halafu kwenye mshale wa pembeni ya kitufe cha kuprogramu chagua Programmer-To-Go. Ikimaliza taa ya Active inaanza kupepesa, hapo chomoa, programu inabaki humo hata isipokuwa na umeme. Shambani unaipa 5V kwenye USB, unachomeka kwenye bodi, unabonyeza kitufe mara moja na kusubiri. Taa ya Status ikipepesa nyekundu ujue imekataa.

Kwenye suala la umeme naomba unisikilize vizuri. Kabla hujahamisha nakala hakikisha umeondoa ile alama ya PICkit kuilisha bodi umeme, maana ikiwa shambani huwezi kubadilisha. PICkit 3 inatoa kama miliampea 30 tu, rilei moja inazidi hapo. Iache bodi ijilishe kwa 7805 yake, ila pini ya 2 usiikate, kifaa kinaitumia kusoma volti ya bodi.

waya_mwekundu
Nyongeza, pawabenki nyingi za siku hizi zikiona mkondo mdogo zinajizima, utadhani PICkit imekufa. Kama kontrola ya sola ina tundu la USB tumia hilo, ila pima kwanza kwa mita kati ya ardhi ya USB na ardhi ya bodi, isomeke volti 0. Kontrola nyingine ardhi zake haziko pamoja, ukiunganisha bila kupima unaweza kuunguza vyote viwili.

bahi_elektroniki
Kwa 877A angalia LVP (kuprogramu kwa volti ndogo), izime kwenye config, yaani mipangilio ya chipu, kabla ya kuhamisha nakala. Ikiwa imewashwa na RB3, pini ya 36, haijaunganishwa na ardhi, chipu inaweza kuganda bila sababu unayoiona. Na kwenye MCLR, pini ya kureseti chipu, weka rezista ya 10k kwenda 5V, kapasita usiweke hapo. Halafu ratiba za wakulima kama umezihifadhi kwenye EEPROM (kumbukumbu ya ndani ya chipu) ziandike kwenye daftari kwanza, usitegemee zitabaki.

fundi_mizabibu
Wakuu nimerudi, Mungu awabariki. Juzi nimeamka saa kumi, nimemaliza bodi 8 kabla ya adhuhuri. Pawabenki ilinizimikia kweli kwenye shamba la kwanza, nikahamia USB ya kontrola baada ya kupima. Bodi ya tisa ilikuwa inapepesa nyekundu kila nikibonyeza, nikakumbuka maneno ya bahi_elektroniki, nikafungua kasha nikakuta niliweka kapasita kwenye MCLR siku ile nikijaribu kutuliza reseti za ovyo. Nimeinyofoa kwa koleo, nikabonyeza, ikakubali mara moja. LVP ilikuwa imewashwa kwenye zote, sasa imezimwa. Ratiba nilikuwa nimeziandika kwa kalamu na vizuri nilifanya hivyo, maana tatu zilifutika. Jana mzee mmoja kanipigia saa kumi na moja alfajiri kuniambia anasikia maji yanatiririka kwenye mizabibu.