Tupeane uzoefu: Siku jibu la gredi ya sarafu yako lilipotoka, moyo ulikuwaje?

Mjukuu wa Rupia (Dar)

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa waliowahi kutuma sarafu nje ikapimwa hali yake, ikapewa namba na kurudi imefungiwa kwenye slabu. Siyo ile ya zege jamani, ni kile kikasha kigumu cha plastiki ambacho hukifungui mpaka ukivunje. Kwa wageni: namba zinaanzia 1 hadi 70, na 60 kwenda juu maana yake sarafu haikuwahi kuzunguka mikononi mwa watu. Habari za bei zina nyuzi zake, hapa leteni ya moyoni.

Naanza mimi. Marehemu babu aliacha rupia moja ya 1890, ile ya kampuni ya Wajerumani, Kaizari Wilhelm kavaa kofia ya chuma yenye tai juu. Ilikuwa inakaa kwenye leso, na kila ikikaribia Idi bibi anaitoa anaisugua kwa majivu na ndimu. Inang'aa mpaka unaweza kuchokolea meno ukijitazama humo. Mimi niliilinganisha na picha za mtandaoni, zote zimefifia, zina rangi ya moshi. Nikasema hawa wenzangu hawajui kutunza vitu.

Binamu yangu akaondoka nayo kwenda Marekani. Wiki kumi na moja. Kila usiku kabla ya kulala nafungua ukurasa wa kampuni inayopima: imepokewa, inapimwa, inapimwa, inapimwa. Jibu lilinikuta kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja juu. Hakuna namba. Wameandika hali yake ni karibu na mpya, halafu pembeni neno moja lililoninyima namba: imesafishwa.

Iliporudi nikanunua lenzi. Ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha unaiona michirizi myembamba mashavuni mwa Kaizari, yote inakwenda upande mmoja, kama sufuria iliyosuguliwa kwa waya. Ule ni mkono wa bibi, miaka arobaini ya Idi.

Bibi yupo hai. Akaniuliza wazungu wamesemaje. Nikamwambia wamesema imesafishwa sana. Akasema, "Si nilikuambia!"

Pwani_Kabisa (Mombasa)

Pole ndugu yangu, lakini hiyo ya bibi imenivunja mbavu.

Mimi yangu ilianza kwa furaha. Tulipobomoa jiko la zamani pale nyumbani tulipata kopo la pysa za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zile sarafu za shaba zenye picha ya mizani, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Zilikuwa zimeshikana kama mkate. Nyingi zilikuwa zimeliwa na kutu ya kijani, lakini zile za katikati, ambazo hazikuguswa na hewa, zilitoka na rangi ya chokoleti. Nikachagua moja, nikaituma.

Ikarudi 64! Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amezaa. Wiki nzima naizungusha ile slabu kwenye kundi la familia, asubuhi salamu ni picha ya pysa. Kisha kijana wa mjomba, mwenye kichwa cha hesabu, akaniuliza niliyolipa kupima na kusafirisha ni ngapi, na sarafu kama ile huuzwa ngapi. Tukapiga hesabu. Yakhe, pysa hizi ziko nyingi mno duniani. Kifuniko kina thamani kuliko chungu.

Bado iko juu ya kabati la vyombo, mbele kabisa.

Kijana wa Isevya (Tabora)

Wakuu, mimi ninatoka mji wenyewe, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kirefu.

Hapa kwetu kila mtu ana mjomba anayejua mahali Mjerumani alipozika mali. Mwaka 1916, vita imewafungia njia, Wajerumani walitengeneza sarafu zao hapahapa Tabora kwenye karakana ya reli. Waligonga dhahabu ya rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Waligonga pia hela 20 na hela 5 za shaba, zina herufi T. (Ndiyo, neno letu "hela" ndipo lilipotoka, kwenye heller ya Mjerumani.)

Baba yangu mdogo aliuziwa tembo. Aliuziwa gesti, usiku, na mtu aliyemwambia asimwonyeshe yeyote kwa siku saba. Aliuza ng'ombe. Sitaji wangapi, ndani ya familia bado ni kidonda. Alipoileta kwangu niliiweka kwenye mizani ndogo ya sonara: haikufika hata gramu sita, wakati ya kweli ina gramu saba na kitu. Nilijua pale pale. Lakini utamwambiaje mtu mzima aliyekulea? Nikasema, baba, tuitume wataalamu waseme wao.

Kwenye bahasha hiyohiyo nikatia hela 20 yangu ya shaba, ambayo niliikuta kwenye vyuma chakavu. Imegongwa vibaya, upande mmoja herufi zimezama, kama mtu aliyeigonga alikuwa anakimbizwa. Na kweli alikuwa anakimbizwa, Wabelgiji waliingia Tabora Septemba mwaka huohuo.

Majibu yalitoka Ijumaa. Hela yangu: 45. Nilitaka kuruka. Mstari wa pili, tembo: si halisi, inarudishwa bila kikasha. Nikakaa chini. Furaha na msiba kwenye ukurasa mmoja, na yeye yuko sebuleni anakunywa uji akinisubiri.

Nikamsomea. Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Kwa hiyo ya dhahabu wameikataa, ya shaba ndiyo wameikubali?" Nikasema ndiyo baba. "Basi wameibadilisha hukohuko."

Mpaka leo anaamini tembo wake wa kweli yupo Marekani. Nimeacha kubishana naye.

Mjukuu wa Rupia

Mkuu wa Isevya, mpe shikamoo yangu mzee. Na wengine tunaowaona mnasoma kimyakimya, tiririkeni.

Nyundo_na_Kisu (Nairobi)

Yangu fupi kwa sababu inaniaibisha. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1952, simba na milima. Nilipata 58. Ukiiangalia huoni kosa lolote, msuguano kidogo tu kwenye manyoya ya simba, na mng'ao wake unazunguka ukiiinamisha. Nikajiambia hawa jamaa walikuwa wamechoka siku hiyo, hii ni 62 hivi. Nikaivunja slabu kwa nyundo nikaituma tena.

Ikarudi 55.

Msiniulize kitu.

Mama Zuhura (Minneapolis)

@Nyundo_na_Kisu 😂😂 pole kaka. Mimi nimeishia kuwapelekea watu wengine sarafu zao kupimwa tu, nyumbani kwangu pamekuwa posta. Nikipokea kitu kutoka Tanga au Dar kitu cha kwanza nanusa bahasha. Zile albamu za plastiki laini, kwa joto la kwetu, hutoa utelezi wa kijani juu ya sarafu na harufu kama pazia jipya la bafuni. Huo unaweza kuondoka kwa asetoni safi bila kusugua. Lakini mkinitumia sarafu iliyosuguliwa kwa dawa ya meno mimi sina la kufanya, na msinipigie saa tisa usiku za huku kuniuliza kwa nini.

Binti wa Vikokotoni (Muscat)

Assalaam aleikum. Mie nilitaka kupita tu, lakini hiyo michirizi ya bibi imenigusa.

Mama yangu ana riyali moja ya fedha ya Barghash, 1299 pia. Kwao walikuwa wakisimulia kuwa shangazi yake mkubwa aliivaa siku ya harusi yake Unguja, kwenye kidani, ikaja Oman imeshonwa kwenye pindo la kanga baada ya 1964. Ndugu wengine walikuwa wakimcheka. Wakisema hadithi hiyo mama kaitunga, kwani riyali haina tundu wala kikonyo, ni sarafu nzima.

Niliituma nikitaka namba, sitadanganya. Ilikuwa Ramadhani, nikaona jibu baada ya tarawehe. Namba hamna. Wameandika: ilikuwa kwenye pambo. Yaani wameona kwenye ukingo, juu ya maandishi, pale palipochomelewa kikonyo na baadae kikatolewa na pakalainishwa. Mie nilikuwa naishika ile riyali tangu mtoto na sikuwahi kupaona. Kumbe ukipapitisha ukucha unakwama kidogo.

Kwa muuzaji hiyo ni hasara tupu. Mie nililia, lakini sikulia kwa hasara. Nikampelekea mama simu, nikamfasiria neno kwa neno. Hakusema kitu. Aliichukua simu yangu akaipiga picha kwa simu yake, akawapelekea ndugu zake wote.

Pwani_Kabisa

Masha Allah. Dada umetufungia uzi.

Mtoto wa Chumbageni (Tanga)

Msifunge kwanza, mimi nipo kwenye foleni! Florini ya 1920. Mnajua florini zetu hazikudumu, 1921 shilingi ikaingia ikazifuta. Hii alikuwa nayo baba kwenye sanduku la vyeti. Haijasuguliwa, ninaapa, kwa sababu baba hakuwa na habari kama ipo. Imekaa "inapimwa" tangu Jumatatu. Leo nimefungua ule ukurasa mara nane na sijala mchana.

Mama Zuhura

Funga simu ule, mdogo wangu. Huku sasa hivi ndiyo wanaingia kazini.

Mtoto wa Chumbageni

Imebadilika. "Ukaguzi wa mwisho."

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu imetoka. Kuna kitu cha kubonyeza na mimi siwezi kubonyeza. Nimempa mke wangu simu.

Nyundo_na_Kisu

Anasemaje?

Mtoto wa Chumbageni

Anacheka. Ameenda nayo jikoni.