Mwalimu mmoja kapata ajira ya serikali, mwingine anakwenda kujifungua: watoto tunawaandaaje, na kikao kiwe cha nani?

MwlChumbageni

Wanajukwaa, salamu zenu. Naongoza kituo cha watoto wadogo hapa Tanga, kuanzia wa miaka miwili mpaka wanaojiandaa kuingia darasa la kwanza. Tuna madarasa matatu: wadogo, kati na awali. Kila darasa lina mwalimu wake, halafu kuna dada wasaidizi wawili, mama mpishi, na babu anayekaa getini.

Habari ya kwanza ni ya furaha. Mwalimu wa kati jina lake limetoka kwenye ajira mpya za serikali. Amepangiwa shule ya msingi mkoa mwingine na siku za kuripoti si nyingi. Ameomba mwaka baada ya mwaka, huku akifundisha hapa bila kulegea. Siku alipoliona jina lake, mama mpishi alipiga vigelegele mpaka watoto wakatoka nje kutazama kuna nini. Habari ya pili nayo ni ya heri: mwalimu wa wadogo anakaribia kujifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua pacha, na akirudi ana haki ya kutoka kwenda kunyonyesha. Hilo kwetu halina mjadala, nataka aende akiwa na moyo mweupe.

Kinachoniumiza kichwa ni watoto. Kuna kijana mmoja wa kati, miaka minne bado hajaitimiza. Alipofika kwetu hakuwa akisema na mtu. Hata uji hanywi ukishashika utando juu. Mwalimu wake huchukua kijiko, anautoa ule utando, anakoroga kidogo, ndipo anamkabidhi kikombe. Hamwambii kunywa, hamsifii, anakaa tu pembeni yake mpaka amalize. Siku mwalimu hayupo, dada msaidizi hufanya vilevile. Asiyejua atadhani mtoto anadeka, atamlazimisha, na tutarudi kulekule tulikotoka. Jambo hili halimo kwenye daftari la mahudhurio wala kwenye andalio la somo. Limo vichwani mwa watu wawili, na mmoja wao anaondoka.

Sasa mvutano uko hapa. Mwenye kituo ameshapata mwalimu mpya mwenye cheti, na ameitisha kikao cha makabidhiano cha walimu peke yao. Wasaidizi, mpishi na babu watapewa taarifa baadaye. Sikubaliani naye, na nimemweleza kwa adabu. Watoto wakiwa wa umri huu, anayejua nani hakulala usiku, nani kala nini, nani kaletwa na nani, ni hao hao. Babu akimwona mtoto fulani kashushwa na bodaboda badala ya kushikwa mkono na mama yake, huja kumnong'oneza dada kwamba leo huyu atahitaji kubebwa. Hakosei.

Naomba uzoefu wenu. Watoto tuwaambie lini, na nani awaambie? Wiki ya kwanza ya mwalimu mgeni, nani awe mbele? Na kikao cha wafanyakazi wote mnakifanya saa ngapi, maana watoto wetu wengine wanachukuliwa saa kumi na moja jioni?

---

MaandaliziUnguja

Mwalimu mwenzangu, hongereni kwa kheri zote mbili.

Nafundisha skuli ya maandalizi huku shamba, Unguja. Kwa watoto wa miaka mitatu na minne, usiwaambie "mwezi ujao". Kwao mwezi ujao haupo. Waambie siku chache kabla, asubuhi mnapokaa duara, na funga maneno kwenye jambo wanalolijua: tutakula uji leo, kesho na keshokutwa, kisha mwalimu atakwenda kufundisha watoto wengine. Aseme mwenyewe anayeondoka, na mwalimu mpya awe amekaa humo humo duarani, kajulishwa kwa jina na kaimbiwa kama wanavyoimbiwa wao.

Msiwaambie "kasafiri". Mtoto akiambiwa mtu kasafiri, humngoja. Nimeona mtoto anakataa kukaa mkeka wake kwa sababu kila mlango ukifunguka anadhani ndiye.

Na kuaga kusiwe wakati wa kwenda nyumbani. Kuwe asubuhi, baada ya uji. Atakayelia alie akiwa na watu wanaobaki, wambembeleze, acheze, ndipo aende kwao katulia. Mkiaga saa ya kutoka, mtoto anaondoka na kilio, na mzazi hajui kimetoka wapi.

Kuhusu nani akae kikaoni, mimi nimelelewa kikazi na skuli za chekechea zilizoanzia madrasani. Mpango ule ulianza Mombasa miaka ya 1980, na huku Zanzibar tukaupata 1990. Walimu walitoka mtaa ule ule, kina mama wanaojulikana na watoto kabla hata ya kuingia darasani, wakafundishwa kazi wakiwa kazini, na kamati ya kijiji ikawa nyuma yao. Hapakuwa na kikao kisichomhusu mtu. Mwalimu akiondoka, anayeshika nafasi yake ni mtu ambaye mtoto kesha mwamkia mara nyingi njiani. Nyinyi mtu wa namna hiyo mnaye, ni huyo dada. Wiki ya kwanza awe yeye anayepokea watoto mlangoni, mgeni asimame ubavuni pake.

---

BabaWawiliMbagala

Mimi si mwalimu, ni mzazi tu. Naomba niseme upande wetu.

Mwalimu wa binti yangu aliondoka kituo kimoja ambacho sitakitaja, na mimi nilijua kupitia mtoto. Alikuwa anakataa kuvaa viatu asubuhi. Tulidhani vinambana, tukanunua vingine. Baadaye ndiyo akasema "simtaki yule mwingine". Nikauliza getini, nikaambiwa mwalimu wake ameacha kazi wiki mbili zilizopita.

Hatuhitaji kujua kwa nini mtu kaacha kazi, hayo ni yake. Tunahitaji kujua tarehe, na nani atampokea mtoto mlangoni. Tuambieni siku ile ile mnayowaambia watoto, ili jioni mtoto akianza kuuliza, mimi na mama yake tuwe na jibu moja na ninyi. Na ujumbe utoke kwako wewe mkuu. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, habari ya mwalimu mmoja ikipita midomo mitatu inakuwa kituo kinafungwa.

---

MwlChumbageni

Baba Wawili, nashukuru sana. Hilo la jibu moja nyumbani na kituoni nimelichukua kama lilivyo. Nitaandika ujumbe mimi, na mwalimu anayeondoka ausome kwanza, kwa sababu habari ni yake.

Bi mkubwa wa Unguja, la kuaga asubuhi sikuwa nimelifikiria, na lina maana kabisa. Lakini bado sijapata la kumwambia mwenye kituo kuhusu kikao. Hoja yake ni kwamba kikao cha kitaaluma ni cha wenye taaluma.

---

MaleziDodoma

Mwalimu, mpe hoja ambayo ataikuta kwenye nyaraka za serikali. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyozinduliwa Desemba 2021, ina maeneo matano: afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Sasa muulize kwa upole: katika kituo chako, lishe iko mikononi mwa nani? Ni mama mpishi. Ulinzi na usalama asubuhi saa moja uko kwa nani? Kwa babu. Malezi yenye mwitikio maana yake mtu mzima aisome ishara ya mtoto na kuijibu, na hicho ndicho anachokifanya dada na kijiko chake cha uji. Kikao cha walimu peke yao kitazungumzia eneo moja kati ya matano.

Hata mtaala wa awali wa 2016 uliuweka umahiri wa kuhusiana mbele kabisa, kabla ya dhana za hisabati. Watoto wanajifunza kuhusiana kwa kututazama sisi. Wakimwona mwalimu anamwagiza dada kama mtumwa, somo limeshafundishwa hilo.

Kwa makabidhiano, tumia daftari kubwa, kila mtoto ukurasa mmoja. Anayeondoka aandike, msaidizi aongeze, mpishi aulizwe. Tahadhari moja: mambo ya ugonjwa na migogoro ya nyumbani yasiingie humo. Hayo yakae kwako, umweleze mwalimu mpya mkiwa wawili.

---

ECDE_Kwale

Nawasalimu kutoka Kwale. Nakubaliana na mengi, ila naweka pingamizi moja, na naliweka kwa nguvu.

Msimtwike dada kazi ya mwalimu kwa jina la umoja. Kwetu Kenya, tangu Katiba ya 2010 masomo ya awali yako chini ya kaunti, na nimeona mengi. Mwalimu wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa awali, akienda likizo ya uzazi, anayeachiwa darasa ni msaidizi wa kujitolea, kwa sababu "watoto wamemzoea". Anashika darasa zima, anaandaa masomo, anajaza rejista, na mwisho wa mwezi anapata asante. Mwalimu akirudi, yule msaidizi anarudishwa kufagia. Halafu tunashangaa mbona ameacha kazi, na watoto wanapoteza mtu wa pili.

Huyo dada akiwa mlangoni wiki ya kwanza, sawa. Akishika darasa la wadogo hizo siku 84, hiyo ni kazi nyingine. Iandikwe barua, itajwe posho, itajwe tarehe ya mwanzo na mwisho. Na kama kweli anajua watoto kiasi hicho, kituo kimsaidie kwenda kusomea cheti.

Kikao tunafanya watoto wakiwa wamelala mchana. Nusu ya wafanyakazi wanaingia, nusu wanabaki na watoto, kisha tunabadilishana, na mwalimu mkuu anakaa zamu zote mbili ili maneno yasigongane. Jumamosi pia inawezekana, lakini ilipwe. Mpishi naye ana nyumba yake.

---

MwlChumbageni

Ndugu wa Kwale, umenigusa mahali penyewe. Mpango wa mwenye kituo ulikuwa dada ashike wadogo mpaka mwalimu arudi, na barua haikutajwa. Nimekaa naye leo. Kwenye posho amekubali, na barua nitaiandaa mimi aisaini. Kwenye cheti amesema tuzungumze mwakani, sitaliacha hilo. Kikao cha wote amekubali kwa sharti moja: aone kwanza hilo daftari litakavyokuwa, asije akaletewa porojo. MaleziDodoma, unaweza kuniwekea mfano wa ukurasa mmoja?

---

MaleziDodoma

Huu hapa, ni wa mfano, si wa mtoto halisi:

"Miaka 3 na miezi 8. Nyumbani wanasema Kisambaa na bibi. 'Maji' anayaomba kwa Kisambaa akiwa amechoka, dada analijua neno. Analetwa na dada yake wa darasa la tano, anachukuliwa na mama au bibi tu. Asubuhi asishikwe mkono haraka, aachwe asimame karibu na kona ya ujenzi, ataingia mwenyewe. Anapenda vizibo vya chupa, anavipanga kwa rangi na kuhesabu mpaka saba bila kukosea. Anaogopa ngoma ikipigwa nyuma yake. Mbele yake anaicheza. Uji anakunywa, maharage bado, mpishi anamwekea kidogo pembeni ya wali bila kusema. Kulala: anataka kukaa ukutani. Akilia, usimwulize kwa nini, kaa chini karibu naye. Rafiki yake ni yule wa mkeka wa kijani."

Chini wasaini mwalimu anayeondoka, msaidizi na mwalimu mpya, na tarehe. Usizidishe ukurasa mmoja, mwalimu mgeni ana watoto wengi wa kuwasoma wiki hiyo.