Eti maji yana akili! Mtaalamu wa njia ya baiskeli katukosea adabu watu wa Mabatini, Mwanza

Mama Bondeni: Wakuu, natoka kikaoni sasa hivi, hata kanga sijafungua, mikono inatetemeka. Yule bwana simtaji, mnamjua, yule wa viatu vinavyong'aa anayeletwa kila mradi. Safari hii kaja kutusomea tathmini ya athari kwa mazingira ya ile njia ya baiskeli za milimani, zile za tairi za kashata, wanayotaka kuishusha kilimani kwetu. Nikanyoosha mkono kwa adabu zangu zote, nikauliza: mvua zikianza, maji ya hiyo njia yataenda wapi? Akatabasamu. Akasema, "Mama, maji yana akili, yatajua yaende wapi." Watu wakacheka, hadi mwenyekiti!

Maji hayana akili, yana mteremko! Na njia yenyewe wameichora imenyooka juu mpaka chini kama kamba ya ndoo. Aliyelima mlimani anajua: njia unaizungusha ubavuni, unailaza kidogo upande wa bondeni maji yatoke mapema, penye mwinuko unaweka makinga maji. Ukiishusha moja kwa moja, watu wanafunga breki, tairi zinaburuzika, nyasi zinang'oka, masika moja tu ni korongo. Na udongo wa kwetu ni kiganja kimoja juu ya jiwe! Ukiondoka unaenda mto Mirongo, Mirongo unatutapikia sisi, tope linalobaki linaingia ziwani. Godoro langu nimelianika mara tatu kwa mafuriko. Halafu naambiwa yana akili.

Kilima chenyewe kakipima lini? Kaja Agosti, vijito vimekauka, jua la saa saba, pimbi wote wamejificha, akakaa kwenye gari vioo vimepandishwa kwa muda wa chai kuchemka. Ripoti inasema eneo ni mawe tu. Hayo mawe ndiyo nyumba ya yule mjusi wa kichwa cha waridi na mwili wa buluu, Agama mwanzae, kabeba jina la mji wetu! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, inataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini. Ndiyo kushirikishwa huku, kuchekwa? "Mama, maji yana akili." Nimezaa watoto wanne, hakuna aliyewahi kunijibu hivyo.

Sangara Mkavu: Uzi mrefu kama foleni ya Buzuruga. Picha ya mjusi iko wapi?

Kijana wa Igogo: Namuunga mkono mama. Huyo bwana ndiye aliyetuambia mfereji wetu "utajisafisha". Mpaka leo kuku wanaogelea.

Tairi Kashata: Mimi naendesha, njia naitaka sana. Lakini ya kunyooka hivyo hata sisi tutavunjika shingo. Wazungushe kilima, utamu uko kwenye kona.

Sangara Mkavu: Mama, sema ukweli, hasira ni ya maji au ya kuchekwa?

Mama Bondeni: Vyote! Na mwenyekiti kacheka kuliko wote, mtu niliyesonga ugali msibani kwake siku tatu!

Dada wa Nyegezi: Nyie maji mnayo mpaka yana akili? Kwetu bomba siku ya sita linakohoa tu, na ziwa nalitazama dirishani.

Kijana wa Igogo: Bora lenu linakohoa, dada. Letu lilishazikwa.

Mzee Kamongo: Wa kujadiliwa ni bodaboda. Jana mmoja kapita juu ya dagaa wangu, turubai zima, na honi kapiga.

Sangara Mkavu: Babu, unaanika dagaa barabarani halafu unalalamikia bodaboda?

Mzee Kamongo: Barabara imenikuta hapo, mjukuu wangu. Nilikuwa naanika kabla baba yako hajaoa.

Tairi Kashata: Bodaboda nao wakiiona njia yetu wataigeuza ya mkato, nawaambia mapema.

Mama Bondeni: Jamani turudi kilimani. Kikao cha pili ni Alhamisi saa nne asubuhi, nani anakuja?

Dada wa Nyegezi: Mzee, hao dagaa waliobaki sado moja unauzaje?