Tupeane uzoefu: tuliosoma Marekani kwa ufadhili wa riadha

Mwanzisha mada (Mbulu):
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, anakimbia mita 5,000, na kocha wa chuo kimoja Marekani amemtumia barua ya ufadhili. Nyumbani wanashangilia kana kwamba medali iko mezani. Nami nimefurahi, ila sitaki aende gizani. Tumekua tukisimuliwa habari za mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui, aliyesoma chuo kikuu cha Texas kule El Paso na kutwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Wale waliokwama njiani hatuwasikii. Mliopitia, leteni yenu.

Mdau wa Iten:
Ndugu, soma hiyo barua neno kwa neno. Mimi niliona "ufadhili" nikatia sahihi. Kumbe walilipa ada peke yake, chumba na chakula ni juu yangu. Kocha huwa na fungu analowagawia wakimbiaji wengi, kwa hiyo wanaolipiwa kila kitu ni wachache. Na viza ya mwanafunzi kwa kawaida inakuruhusu kazi za ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Nilikuwa naosha vyombo bwaloni usiku, alfajiri niko mazoezini. Baba aliuza ng'ombe wawili nisirudishwe. Ulizeni ada, malazi, chakula, vitabu na bima, kimoja kimoja, na kama ufadhili ni wa miaka yote au unahuishwa kila mwaka.

Mwanzisha mada:
Asante sana kaka. Barua inataja ada na malazi. Chakula sikioni. Nampigia dogo sasa hivi.

Dada wa Arusha:
Hilo la kuhuishwa kila mwaka ndilo lililonipata. Watu hawajui kwamba mkimbiaji wa masafa marefu kule ana misimu mitatu ndani ya mwaka mmoja wa masomo. Septemba hadi Novemba ni mbio za nyika, sisi wasichana kilomita sita. Baridi ikianza mnaingia ukumbini, kwenye njia ya mita 200 yenye kona kali, mguu mmoja unaelemewa kila mzunguko. Machipuko mnatoka nje, kwenye uwanja wa wazi. Mwaka wa pili muundi ulianza kuniuma Januari, nikanyamaza, nikiogopa nafasi yangu. Nikakimbia nao mpaka Aprili. Picha ikaonyesha mfupa una ufa.

Miezi ile ya magongo iliniumiza kuliko mfupa wenyewe. Msimu ulipoisha nikaambiwa ufadhili hautaendelea. Nililia, sifichi. Kilichoniokoa ni alama za darasani. Nilihamia chuo kidogo cha daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako hakuna ufadhili wa michezo kabisa, wakanisaidia kwa matokeo yangu ya masomo. Leo ni muuguzi. Mwambie mdogo wako akiumia aseme siku hiyo hiyo, na asikubali kuchaguliwa kozi nyepesi ili apate muda wa mazoezi.

Mdau wa Eldoret:
Naongeza jambo dogo moja. Mwambieni kocha mapema kama kijana ameshapokea hela za zawadi kwenye mbio za barabarani, na amekaa nyumbani muda gani tangu amalize shule. Vyote viwili huulizwa. Na vyeti vya sekondari viwe tayari, kwa sababu vyuo vya daraja la kwanza la michezo wanapitia masomo 16 ya sekondari kabla hujaruhusiwa kushindana.

Mwanzisha mada:
Dada, pole sana, na asante kwa kutuambia. Nimemsomea dogo maneno yako yote, akakaa kimya kitambo. Kocha naye amejibu: chakula hakimo. Dogo bado anataka kwenda. Tumekubaliana hasaini chochote mpaka tujue gharama ya chakula kwa mwaka, na ukoo tunakaa Jumapili.