Ushauri: Ninunue lenzi kubwa, au kuna mambo nirekebishe kwanza? (picha za ndege na wadudu kwenye bustani ya umma)

Mtembezi

Habari za majukumu wakuu. Naomba mwenye uzoefu wa kupiga picha za ndege, wadudu na miti kwenye bustani za umma anisaidie. Hifadhi za mbali siziwezi kwa sasa, kwa hiyo nimeikazania bustani iliyo jirani nami. Ina bwawa dogo, miti mikubwa ya zamani na vichaka pembezoni. Natumia kamera ya kubadilisha lenzi, lenzi ni ile ile iliyokuja nayo, 18-55mm, yaani inavuta karibu kidogo tu. Simu ninayo pia.

Shida ni hizi. Ndege anatoka kanukta katikati ya mbingu nyeupe. Nikimsogelea anaruka. Hata akitulia karibu, picha inatoka na ukungu, na mkono nimeutuliza kabisa. Yangeyange ndiyo kabisa, anakuwa kipande cheupe, huoni hata unyoya mmoja. Huwa naenda mchana maana ndio muda ninaoupata kirahisi.

Nimeanza kudunduliza ninunue lenzi ya 300mm. Je, hiyo ndiyo itanitoa hapa? Napenda sana kazi hii na nataka kuijua vizuri.

FundiMwanga

Mkuu, hela iache kwanza, tuanze na saa. Jua likiwa utosini, kivuli kinaangukia chini ya nyusi za mnyama na jicho linapotea, halafu majani yote yanang'aa kama bati. Jitahidi ufike jua linapochomoza, au ile saa ya mwisho kabla halijazama. Mwanga unaotoka ubavuni unachora manyoya, magamba, hata mikunjo ya gome la mti. Siku ya mawingu mepesi nayo usiidharau. Inafaa sana kwa maua, uyoga na magome, mradi mbingu usiiingize kwenye picha.

Hiyo mbingu nyeupe inatokana na wewe kuelekeza kamera juu. Kamera inakutana na mwanga mwingi, inaupunguza, ndege anabaki kivuli. Tafuta ndege aliye usawa wa macho yako, na nyuma yake pawe na kichaka kilicho mbali. Kichaka kikiwa mbali kinayeyuka na kuwa rangi moja laini, ndege anajitokeza mwenyewe. Pale bwawani piga magoti, au lala kifudifudi kabisa. Bata aliyepigwa kutoka usawa wa maji na bata aliyepigwa na mtu aliyesimama ni picha mbili tofauti kabisa.

Kuhusu yangeyange: kamera hupima mwanga kwa kudhani kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani. Ikiona maji meusi yamejaa kwenye picha, inaongeza mwanga, na ndege mweupe anaungua. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, weka kwenye kutoa 1, piga, tazama, kama bado anaungua shusha tena kidogo. Ukiweza, washa ile grafu ya mwanga kwenye kioo. Ikiwa imebanwa kwenye ukuta wa kulia, manyoya yameshapotea, na hata faili ya RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata) haitayarudisha yaliyoungua kabisa. Kwa kunguru aliye mbele ya mbingu au maji yanayong'aa fanya kinyume, ongeza mwanga.

DadaMdiria

Nigusie ukungu. Kuna mtikisiko wa mkono na kuna mwendo wa ndege mwenyewe, na watu wengi wanavichanganya. Kwa mkono, kanuni ya zamani bado inafanya kazi: lenzi ya 300mm, kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera linakaa wazi) isipungue 1/300 ya sekunde. Kama kihisi cha kamera yako (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ni kile kidogo cha kawaida, zidisha kwa 1.5, yaani 1/450 au zaidi. Lenzi zenye kidhibiti cha mtikisiko zinasaidia mkono wako tu, ndege hazimsimamishi.

Ndege mdogo aliyetua anageuza kichwa kila mara, kwa hiyo anza na 1/500 kwenda juu. Akiwa hewani nenda 1/2000. Weka modi ya kuchagua kasi mwenyewe, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iachie kamera. Najua ISO ikipanda wengi wanaogopa chengachenga, ila chengachenga zinapunguzwa kwenye kompyuta. Picha iliyoburuzika imeburuzika.

Fokasi nayo: usiiachie kamera ichague popote, itakamata tawi la mbele. Weka nukta moja, iweke kwenye jicho. Jicho likiwa kali, mkia ukififia hakuna atakayeuona.

MzeeWaKichaka

Waliotangulia wamesema vema, ila tusimpe mwenzetu matumaini hewa. Kwa ndege mdogo, 55mm haitoshi. Ukisimama pale pale ukapiga kwa 300mm, ndege anatoka mkubwa zaidi ya mara tano. Hakuna ufundi unaoziba pengo hilo. Kwa hiyo lenzi utaihitaji, Mtembezi, ila hata hiyo 300mm haitakusaidia kama bado unawakimbiza.

Ndege anamkimbia anayemwelekea moja kwa moja huku akimkazia macho. Chagua mti karibu na maji, uegemee, kaa. Nguo zisizong'aa, simu kimya. Baada ya muda wanakuzoea na kuendelea na shughuli zao, na hapo unaanza kujua tawi gani mdiria analipenda na bata wanaingilia upande gani. Elimu hiyo huipati dukani.

Tazama na upepo. Ndege hupaa na kutua akiwa ameukabili. Ukijipanga upepo na jua vyote vikiwa mgongoni kwako, wengi watakuja uso kwa uso nawe, tena wakiwa wamemulikwa vizuri. Mimi nikifika bwawani, cha kwanza ni kuangalia majani ya matete yanalalia upande gani.

Na kwa lenzi uliyonayo, kazi ipo tele: wadudu. Lenzi nyingi za 18-55mm zinafokasi hadi karibu robo mita. Asubuhi yenye umande, vipepeo na kereng'ende wamepoa na hawawezi kuruka mpaka jua liwapashe, kwa hiyo unasogea taratibu ukiwa umechuchumaa, kivuli chako kisiwaangukie. Jua likishapanda, kereng'ende wengi wana tabia ya kurudi kwenye kijiti kile kile walichokiacha. Wewe fokasi kwenye kijiti, mikono itulie, usubiri. Utando wa buibui wenye matone nao upige ukiwa umeelekea jua, pawe na giza nyuma yake.

Mtembezi

Wakuu nashukuru sana, nimenakili yote. Nina swali jingine. Kwenye kichaka kimoja kuna kiota chenye makinda, kipo chini kiasi cha kukifikia kwa mkono. Kuna kitawi kinaziba. Nikikikata kidogo nitapata picha safi ya mama akilisha. Na je, flashi ina shida?

MlinziWaViota

Tafadhali ndugu yangu, usikikate. Hicho kitawi ndicho kivuli chao na ndicho maficho yao. Makinda wasio na manyoya hawawezi kudhibiti joto la mwili wao. Mama akiogopa kurudi kwa sababu umesimama pale, jua linawaunguza au baridi inawaua. Na wale waliokaribia kuruka wakishtuliwa wanajirusha nje kabla ya wakati wao. Flashi pale usiiwashe kabisa.

Jifunze ishara. Ukimwona mzazi amekaa tawi la jirani, chakula kipo mdomoni na haingii kiotani, au anapiga kelele mfululizo, ujue umemzuia. Ondoka hapo hapo. Usipige na sauti za ndege kwenye simu ili kumvuta karibu. Anadhani mpinzani kavamia eneo lake, anaacha makinda aje kupigana na sauti.

Picha ya mama na chakula bado unaweza kuipata. Wazazi wengi wana tawi wanalotulia kwanza kabla ya kuingia kiotani. Lijue hilo tawi, kaa mbali nalo, mpige hapo. Na ukiweka picha mtandaoni, zima rekodi ya mahali kwenye simu, wala usitaje kichaka.

Mtembezi

Nimekuelewa, kiota nakiacha. La mwisho: simu niiache nyumbani, na nikinunua lenzi nichukue ya aina gani?

DadaMdiria

Simu beba. Kwa mti mzima, ukungu wa asubuhi juu ya bwawa, au maua ya karibu, inatosha kabisa. Usivute picha kwa vidole, kwani ukipita uwezo wa lenzi zake inakata tu kipande na kukikuza. Bonyeza mahali unapopataka mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha buruta kidole kushusha mwanga kidogo, rangi za alfajiri zitabaki.

Lenzi, kwa bustani ningechukua ya 70-300mm badala ya 300mm isiyovutika. Ndege wa bustani wamezoea watu, kuna siku bata anakuja mpaka miguuni na 300mm inamkata kichwa. Kabla ya kulipa, azima au kodisha moja uende nayo bwawani asubuhi. Piga ikiwa kwenye 300, tundu la lenzi la kupitisha mwanga likiwa wazi kabisa, kisha ulibane hadi f/8, halafu linganisha jicho la ndege kwenye kioo kikubwa. Lenzi nyingi za bei nafuu za aina hiyo zinatoa picha laini kidogo, isiyo kali, mwisho wa mvuto, na f/8 inarudisha ukali. Kama kwenye f/8 bado jicho ni laini na kasi ilikuwa ya kutosha, hiyo lenzi irudishe, jaribu nyingine.