Kidato cha sita kumsaidia mwalimu darasani: mnaipangaje ikafanya kazi?

MwlMtama

Habari za majukumu walimu wenzangu. Shule ipo mkoani Lindi, kidato cha kwanza hadi cha nne ni kutwa, cha tano na sita wako bweni. Kidato cha kwanza ni mikondo miwili, A ina wanafunzi 84 na B 81, na mwalimu wa hisabati ni mmoja. Kwenye zoezi la dakika 30 anafikia madaftari kumi na tano hivi, waliobaki wanaondoka na makosa yao kichwani.

Mkuu wa shule amekubali tuwatumie kidato cha sita kama viongozi wasaidizi wa darasa kuanzia Julai. Naomba mwenye uzoefu wa kuupanga mpango huu anieleze: wanatakiwa wangapi, wachaguliwe kwa kigezo gani, wafanye nini na wakatazwe nini, na waachiwe lini wakajiandae na mtihani wao wa Mei. Kuna wazazi wanaoweza kusema walimu wamekabidhi kazi yao kwa watoto, na hofu hiyo naiona ina msingi.

TaalumaNewala

Mwalimu, anza na ratiba kabla hujataja jina la mwanafunzi yeyote. Msaidizi mmoja anamudu watoto 10 hadi 12. Wakizidi 12 anakuwa mtu wa kutia tiki tu. Kwa 84 unahitaji saba, kwa 81 saba wengine, ongeza wawili wa akiba: jumla 16. Kila mkondo uwe na dabo (vipindi viwili mfululizo) moja tu kwa wiki yenye wasaidizi, na kila kijana aingie mara moja tu kwa wiki. Kwake hiyo ni dakika 80 za darasani na 20 za kupewa maelekezo siku iliyotangulia. Usimpe zaidi ya hapo hata akiomba, na wapo watakaoomba kwa sababu kufundisha wadogo kunapendeza kuliko kukaa na maswali magumu ya mchepuo wako, yaani masomo unayosomea kidato cha sita.

Hiyo dabo iangukie kwenye kipindi chao cha kujisomea. Kosa linalofanyika sana ni kuwatoa kwenye masomo yanayoonekana mepesi. Mwalimu wa somo hilo atanung'unika, na atakuwa na haki. Kama ratiba haikubali, hamisha dabo ya kidato cha kwanza, usiguse ya kidato cha sita.

Muda: wiki mbili za kwanza za Julai ni mafunzo, wiki ya tatu waingie. Waendelee hadi mwisho wa Novemba, kisha Januari nzima, halafu waachiwe wote tarehe 31. Januari usiitupe. Ndipo kidato cha kwanza wapya wanapoingia, wengi wakitoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na somo zima linageuka Kiingereza kwa siku moja. Msaidizi wa Januari ana thamani kuliko wa Oktoba. Ikifika Februari hakuna "kidogo tu mwalimu", maana moko, mtihani wa majaribio, iko mlangoni.

Februari hiyo hiyo wachukueni kidato cha tano. Wale 16 wakae na warithi wao vipindi viwili, wa kwanza wakitazama, wa pili wakifanya wenyewe.

Kuhusu uchaguzi, usichukue kumi na sita wa juu kwenye orodha ya matokeo. Mwenye A anaruka hatua bila kujua kwamba ameruka. Wape jaribio hili: weka mbele yao swali lililokosewa na mtoto wa kidato cha kwanza, hatua zote zikionekana. Mwambie kijana akuonyeshe kosa lilipoanzia, kisha akuulize maswali kwa dakika mbili kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Akikutajia jibu kabla dakika mbili hazijaisha, asubiri mwakani… ila mwakani hayupo, kwa hiyo ampishe mwingine. Wenye C wanaojua kuuliza wanafaa sana.

ChakiNyeupe

Naongezea kwenye mafunzo, maana hapo ndipo mipango mingi hufia. Vijana huitwa, huambiwa "kesho mtamsaidia mwalimu", basi. Kesho yake wanasimama ukutani wamekunja mikono, au kila mmoja anafundisha njia aliyofundishwa huko alikotoka. Wa kidato cha sita wako wametoka mikoa tofauti, na watoto 84 watapewa njia saba za kufanya swali moja.

Dawa yake ni karatasi nusu ukurasa, ambayo mwalimu anaiandika pamoja na andalio la somo. Inabeba maswali ya zoezi, hatua kama zilivyo ubaoni (siyo jibu tu), makosa mawili yanayotarajiwa, na swali la kumuuliza mtoto kwa kila kosa. Mwalimu ataona ni kazi ya ziada, lakini ni dakika kumi na tano, na ndizo zinazomrudishia udhibiti wa darasa lake.

Mfano, namba kamili: −7 − (−3). Watoto wengi watakuandikia −10. Wanaona alama za kutoa zimejaa, wanajumlisha 7 na 3, wanabandika alama mbele. Msaidizi asiseme "kutoa na kutoa inakuwa kujumlisha", maana sentensi hiyo mtoto ataipeleka hata kwenye −7 − 3 na kuharibu iliyokuwa sahihi. Amwambie achore mstari wa namba, aweke kidole kwenye −7, kisha aulize: "Kutoa 3 ungeenda upande gani? Na kutoa −3 je?" Mtoto anahesabu hatua tatu kulia na kufika −4 mwenyewe.

Sehemu nazo: 1/2 + 1/3, jibu 2/5. Amejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini. Swali la msaidizi ni moja: "2/5 ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo?" Mtoto akigundua ni ndogo, anaulizwa inakuwaje nusu iongezwe kitu halafu ipungue. Mwache anyamaze hapo. Kimya cha sekunde kumi kina kazi, na msaidizi asiyekivumilia atakijaza kwa jibu. Baada ya hapo ndipo anachora mstatili wa vyumba sita, vitatu na viwili, vitano kati ya sita.

Kanuni moja niwekee kwa herufi kubwa: MSAIDIZI HASHIKI KALAMU YA MTOTO. Akitaka kuonyesha, aandike kwenye karatasi yake mwenyewe kwa mfano wenye namba nyingine. Ukikuta kwenye daftari mwandiko wa watu wawili, ujue zoezi halikufanywa na mwenye daftari.

Mgawanyo wa dabo: dakika 5 mahudhurio, 25 mwalimu ubaoni, 35 zoezi na wasaidizi, 15 za mwisho mwalimu tena. Hizo 15 zisiliwe. Kila msaidizi anampa mwalimu kijikaratasi chenye kosa lililojirudia kwenye kundi lake na idadi ya waliokosea. Mwalimu anapata saba, anaona swali la nne limeangusha makundi matano, analifundisha upya palepale. Na mzazi akija kuuliza nani anafundisha, jibu lipo: anayeanza somo na anayelifunga ni mwalimu, na hatoki darasani hata dakika moja.

BiMaabara

Walimu, msiishie kwenye hisabati. Kwenye kemia msaada unaonekana upesi zaidi, ila hatari nayo ipo, kwa hiyo mipaka iandikwe ukutani.

Chukulia taitresheni (kudondoshea asidi kwenye besi hadi rangi igeuke) ya kidato cha tatu, wanafunzi 45 kwa zamu tatu za 15. Pipeti (mrija wa kupimia besi) ya 25 sm³, jaribio moja la makadirio na matatu kamili: 100 sm³ za besi kwa kila mmoja. Weka 150 kwa ajili ya kusuuzia na kumwagika. 45 mara 150 ni 6,750, kwa hiyo tengeneza lita 7. Kwa ukolezi wa 0.1 M wa sodiamu haidroksaidi, ndiyo besi yetu, unapima gramu 4 kwa lita, yaani 28. Kidato cha sita wafanye hesabu hiyo kwenye karatasi siku iliyotangulia, nawe uihakiki. Kupima wanaweza wakiwa nawe, lakini haraka, kwa sababu vipande vyake vinavuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani inavilowesha mezani ukitazama. Vikilowa, unapima maji ukidhani ni besi, na darasa zima litapata namba zisizolingana na zako.

Asidi kali, isiyopunguzwa kwa maji, haishikwi na mwanafunzi yeyote, awe wa sita au kaka mkuu. Anayeipunguza ni mwalimu au fundi sanifu wa maabara, asidi ikimiminwa kwenye maji, kamwe maji kwenye asidi, kwa kuwa joto linalotoka huirusha nje. Na hakuna kufyonza pipeti kwa mdomo. Kama mpira wa kufyonzea upo mmoja tu, wote wasubiri zamu.

Sasa kazi ya msaidizi wakati wa zoezi. Mmoja kwa wanafunzi watano. Kwanza anainama kwenye ncha ya bureti (mrija mrefu wenye asidi) atafute povu la hewa chini ya bomba. Likiachwa, hutoka katikati ya jaribio, asidi inajaza nafasi yake, na namba inayosomwa inakuwa kubwa kuliko kilichoingia kwenye chupa. Pili, anahakikisha faneli imeondolewa juu ya bureti, maana matone yake hushuka baadaye. Tatu, chupa ya koniko isuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa tu. Watoto huisuuza kwa besi wakidhani ni usafi zaidi, kumbe wameacha besi isiyopimwa ndani. Nne, anashusha macho usawa wa kimiminika anaposoma, chini ya mkunjo. Haya ni ya macho tu. Kusema rangi imegeuka au haijageuka amwachie mwenye jaribio.

MwlMtama

Nawashukuru sana. Mambo mawili yamebaki. Lugha: wasaidizi wakieleza kwa Kiswahili, si watoto wataelewa halafu wakwame kwenye mtihani wa Kiingereza? Na pili, msimu wa korosho. Kuanzia Septemba mahudhurio yanashuka, mtoto anapotea wiki mbili shambani na kurudi somo limeshapita.

TaalumaNewala

La lugha: Kiswahili kwenye maelezo, Kiingereza kwenye kufunga. Kila mtoto awe na kurasa za nyuma za daftari zenye safu tatu: neno kama lilivyoandikwa ubaoni, maana yake kwa Kiswahili, mchoro au mfano mdogo. Maneno matano kwa dabo, yasizidi. Dakika tatu za mwisho za kundi, watoto watatu wanasema hatua za swali moja kwa Kiingereza kwa vinywa vyao, hata kwa kubabaika. Msaidizi akisema yeye, haihesabiki. Msaidizi asitafsiri maagizo ya zoezi kabla mtoto hajajaribu kuyasoma mara mbili. Ukimtafsiria mapema ataacha kabisa kusoma, na mtihani wa kidato cha pili hauna wa kumtafsiria.

Korosho: nunua kaunta buku moja kwa kila mkondo, iwe daftari la waliokosa. Kila dabo msaidizi anaandika tarehe, mada, mfano mmoja uliofanywa wote, maswali mawili, na majina ya wasiokuwepo kwenye kundi lake. Mtoto akirudi, anakaa na msaidizi wake dakika 15 za mwanzo wa zoezi kwenye ukurasa huo. Aliyekosa wiki mbili asinakiliwe notisi zote, apewe mada mbili zinazobeba zinazofuata. Bila namba hasi hutafika aljebra, lakini takwimu inaweza kusubiri. Uamuzi huo ni wa mwalimu, na auandike kwenye daftari hilo hilo. Na msaidizi asimsute mtoto kwa kwenda shambani. Huku kwetu mara nyingi korosho hizo ndizo sare yake ya Januari.

MlezMikindani

Shikamooni wakubwa. Hili halijaguswa: tenganisheni msaidizi na kiranja. Kijana anayeandika majina ya wapiga kelele asubuhi hawezi mchana kuambiwa na mtoto "hapa sijaelewa". Kama mtu ni kiranja wa nidhamu, asiwe kwenye wale 16.

Adhabu isiwepo ya aina yoyote, si kiboko, si kupiga magoti, si kufagia. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Mwanafunzi hayumo. Msaidizi akishindwa na kundi, ananyoosha mkono na mwalimu anakuja.

Msaada utolewe darasani au ukumbini, mlango wazi, mwalimu akiwepo. Hakuna vipindi vya bweni wala vya jioni, watoto wa kutwa wawahi njia kabla ya giza. Kundi lenye wasichana lisiachwe na mvulana mmoja kila wiki. Zungusheni, na kati ya 16 hakikisheni nusu ni wasichana kama mchepuo unao. Marufuku kutumana dukani, kufuliana nguo, kukopeshana hela. Mwalimu wa kike mmoja atajwe mbele ya darasa kuwa ndiye wa kuambiwa lolote, na jina lake liandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Usahihishaji: mazoezi ya kila siku sawa, kwa penseli, nawe upitie madaftari matano kwa kila kundi. Majaribio yanayoingia kwenye alama za maendeleo, hapana. Wala wasione orodha ya alama, taarifa za afya wala michango ya wazazi.

Wasilipwe. Mkuu wa shule awape barua ya kuthibitisha kazi waliyoifanya, na tarehe zake. Na ukiona alama za msaidizi zimeshuka kwenye jaribio la mwezi, mpumzishe wiki mbili, akiba yupo. Usimwambie mbele ya wenzake.

MwlMtama

Nimenakili yote. Nitaanza na mkondo A peke yake kwa wiki nne, B ubaki kama ulivyo, na zoezi la namba kamili walifanye wote wiki ya kwanza na ya nne tuone tofauti. Mwalimu ChakiNyeupe, ile karatasi ya nusu ukurasa, msaidizi anabaki nayo au anairudisha?

ChakiNyeupe

Anairudisha mwisho wa kipindi, na kijikaratasi cha makosa kimebanwa nyuma yake. Mwakani mada ikifika tena hutakisia makosa mawili, utakuwa nayo.